Okonkwo: kudra ilimnyang'anya mali, watu aliwapoteza kwa mkono wake

Katika mijadala ya fasihi Tabora, Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya ya Chinua Achebe, huhukumiwa haraka. Wapo wanaosema chi yake, yaani mungu wa nafsi yake, ilimwandikia mkosi. Wapo wanaosema tamaa ya ukubwa ndiyo iliyomponza. Riwaya yenyewe, Shujaa Okonkwo kwa Kiswahili, inawapa wote silaha. Sura ya 4 inasema mtu akikubali, chi yake nayo hukubali. Sura ya 14 inalikana neno hilo.

Upande wa kudra si wa kubeza. Bunduki ya Okonkwo iliyopasuka mazikoni kwa mzee Ezeudu hakumlenga nayo mtu, lakini iliua kijana wa miaka 16 na kumfukuzisha Umuofia, kwao, miaka 7.

Ila sura ya 3 isomwe polepole. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge ataielewa upesi, maana anajua kuchukua pembejeo kwa mkopo kisha mvua ikakata miche ikiwa shambani. Okonkwo kijana anapata kwa tajiri Nwakibie mbegu 800 za viazi vikuu, na kwa rafiki wa baba yake 400, kwa sharti la kubaki na theluthi tu ya mavuno. Mvua za kwanza zinaponyesha anapanda 400 zake mwenyewe. Mvua inakata kwa wiki 8 za soko, kila wiki siku 4. Anazungushia miche majani mazito ya mkonge kuikinga na ardhi inayochoma. Jioni yamekauka, kesho anaweka mengine. Viazi vinakufa. Anapanda vilivyobaki, mvua kubwa inazoa matuta. Mwaka ule mtu mmoja alijinyonga. Okonkwo hakujinyonga.

Basi kudra kali namna ile haikumvunja. Wala cheo hakikumtenga: alikipata kwa jasho, na watu walimsifu. Kilichomtenga ni hofu ya kufanana na Unoka, baba yake aliyekufa na madeni. Kijiji kilipoamua Ikemefuna auawe, mtoto aliyelelewa kwa Okonkwo na kumwita baba, mzee Ezeudu alimwonya Okonkwo asishiriki. Okonkwo akampiga mtoto panga asije akaonekana dhaifu. Hapo ndipo alipoanza kumpoteza Nwoye, mwanawe, kabla wamisionari hawajafika. Uhamishoni, kudra ilikomtupa, watu alikuwa nao: mjomba wake Uchendu alimpa ardhi, rafiki yake Obierika alimletea fedha za viazi vyake.

Upweke ulimkuta nyumbani. Alimkata kichwa tarishi wa serikali ya wakoloni mbele ya mkutano mzima, na watu wakawaacha matarishi wengine watoroke. Akajinyonga, na mila ikawakataza wa ukoo wake kumgusa. Obierika akawaomba wageni waushushe mwili.