Lamu haina kosa, tuwatazame wateule

Kila mgao wa mapato ya taifa kwa kaunti ukizua zogo, hakosekani mtu wa kuuliza kwa nini Lamu, yenye watu 143,920 kwa sensa ya 2019, ipige kura katika Seneti sawa na Nairobi yenye zaidi ya milioni 4. Ni kweli, Nairobi inaizidi Lamu kama mara thelathini. Na mimi nasema iwe hivyo hivyo.

Wingi wa watu una mahali pake. Katika Bunge la Kitaifa, Nairobi ina maeneobunge 17, Lamu ina mawili. Seneti ni ya kaunti: zipo 47, na kila moja huchagua seneta mmoja. Mswada unaohusu kaunti ukija, Kifungu cha 123 cha Katiba kinaupa kila ujumbe wa kaunti (yaani maseneta wake wote kwa pamoja, wateule wakiwemo) kura moja, na kiongozi wa ujumbe ni yule seneta aliyechaguliwa. Mwaka 2020 tuliona faida yake. Fomula ya "mtu mmoja, shilingi moja", yaani kugawa fedha kwa wingi wa watu, ingezikata fedha kaunti za Pwani na Kaskazini. Vikao viliahirishwa tena na tena, maseneta watatu wakakamatwa siku moja mwezi Agosti, na Septemba yakapatikana maafikiano ambayo hayakuipunguzia kaunti yoyote. Viti vingegawanywa kwa vichwa, kaunti kubwa zingemaliza kazi asubuhi moja.

Kinachonikera ni wale maseneta 20 wateule, wasiochaguliwa na wapiga kura wa kaunti: wanawake 16, vijana wawili, watu wawili wenye ulemavu. Sisemi waondolewe, maana bila wao Seneti ingejaa wanaume watupu, au karibu. Lakini viti vyao hugawiwa vyama, si kaunti. Kwenye miswada ya kaunti hilo halina uzito. Kwenye kumbandua Rais au naibu wake, kila seneta hupiga kura yake. Oktoba 2024, kumwondoa Rigathi Gachagua, Naibu Rais wakati huo, kulihitaji kura 45 kati ya 67, na wateule walihesabiwa sawasawa na waliochaguliwa. Hapo kaunti yenye wateule wawili ina kura tatu, jirani yake moja.

Katiba inataka orodha ya kila chama ionyeshe sura ya nchi. Sawa, lakini kila chama kinatazama orodha yake tu (na majina ya juu, tunajua yanavyopatikana). Tume ya uchaguzi, IEBC, ingepewa nguvu ya kuziangalia orodha zote kwa pamoja, kaunti yoyote isipate mteule wa pili. Wateule ni 20, kaunti ni 47. Nafasi ya kuwatawanya ipo.