Vijana wanaoiambia mashine ya moyoni

Vijana wengi siku hizi wakizidiwa na mawazo usiku huiandikia kwanza programu ya akili unde, kabla ya kumwambia mtu yeyote. Watu wazima wakisikia hushtuka, wengine hukemea. Mimi siwalaumu vijana. Mashine haichoki, haisengenyi, wala haimwambii mtu, "Wenzako wana shida kubwa kuliko zako." Aliyewahi kujibiwa hivyo nyumbani anajua kwa nini kijana huona heri aandike.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza ELIZA, programu ya kompyuta iliyokuwa ikiyageuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia. Haikuelewa chochote. Lakini katibu wake mwenyewe, aliyejua vizuri kazi hiyo, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Weizenbaum aliingiwa na wasiwasi, akaonya kwa miaka mingi. Yule mama alikuwa na kiu ya kusikilizwa, na kiu hiyo tunayo hadi leo.

Kinachonitisha ni jinsi programu hizi zinavyopenda kumkubalia mtu. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa sasisho la ChatGPT, programu yake ya mazungumzo, lililozidisha sifa na kuunga mkono karibu kila neno la mtumiaji. Kwa anayeandika barua ya kazi, hiyo ni kero tu. Kwa msichana anayejiona hafai kitu, au kijana aliyeshawishika kwamba marafiki wote wamemgeuka, ni hatari. Rafiki angembishia. Angemuuliza, "Nani kakwambia?" Angeona amekonda, na kesho yake angekuja kumgongea mlango.

Halafu kuna siri. Daktari hufungwa na maadili ya kazi yake. Mazungumzo na programu hukaa kwenye kompyuta za kampuni, na vijana wachache sana husoma masharti yake.

Kwa hiyo kijana, kama programu inakusaidia kupata maneno ya kueleza kinachokuumiza, itumie, kisha maneno hayohayo mpelekee mtu unayemwamini. Ukifikiria kujidhuru, usibaki na simu peke yako. Mwamshe mtu, hata kama ni saa tisa usiku. Nawe mzazi, ukiamshwa, usianze na mawaidha. Kaa naye, muulize yalianza lini, umwache amalize.