Johannes Steinhoff: rubani wa Hitler, jenerali wa NATO

Agosti 1966 Jeshi la Anga la Ujerumani Magharibi lilimpoteza mkuu wake. Jenerali Werner Panitzki alijiuzulu baada ya kusema hadharani kwamba ununuzi wa ndege za Starfighter ulikuwa uamuzi wa kisiasa. Ndege hizo, F-104 za kampuni ya Lockheed ya Marekani, zilikuwa zikianguka ovyo. Mwaka 1965 peke yake zilianguka zaidi ya ishirini, na marubani vijana wakazikwa mmoja baada ya mwingine. Septemba nafasi hiyo akapewa Johannes Steinhoff, mtu wa miaka 52 ambaye uso wake wote ulikuwa makovu ya moto. Hakuikimbilia kazi. Alitaka kwanza ahakikishiwe mamlaka ambayo mtangulizi wake hakuwa nayo.

Uso ule ulikuwa na historia, na historia hiyo ndiyo inayowagawanya watu hadi leo kuhusu kama anastahili kuenziwa na jeshi la Ujerumani. Steinhoff alizaliwa Bottendorf, Thuringia, mwaka 1913. Alianza masomo ya lugha Chuo Kikuu cha Jena, akayaacha kwa kukosa pesa, akaingia jeshini wakati Hitler ameshashika nchi. Alipigana karibu kila medani ya vita: dhidi ya Waingereza, huko Urusi, Tunisia, Sicily, na mwisho juu ya Ujerumani yenyewe. Aliruka mara 993 na alihesabiwa kuangusha ndege 176, nyingi zikiwa za Wasovieti. Tarehe 18 Aprili 1945, ndege yake ya jeti aina ya Me 262 ilipata ajali ikijaribu kupaa kutoka Riem, karibu na München, ikawaka moto naye akiwa ndani. Kope zake ziliungua, na kwa miaka mingi hakuweza kufumba macho sawasawa.

Wanaomtetea huanza na Januari 1945. Mwezi huo maofisa kadhaa wa ndege za kivita, Steinhoff akiwa miongoni mwao na Günther Lützow akiwa msemaji, walimkabili Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, ana kwa ana na kumwambia kwamba uongozi wake unawaangamiza marubani. Göring alifoka na kumtishia Lützow kupigwa risasi. Lützow akapelekwa Italia, Steinhoff akaondolewa kwenye kikosi chake. Steinhoff alikuwa na kinyongo cha zamani: mwaka 1943, Sicily ilipokuwa inaelemewa, Göring aliamuru kila kikosi cha ndege za kivita kitoe rubani mmoja ashtakiwe kwa uoga. Kusimama mbele ya mtu wa namna hiyo, katika utawala ule, kulihitaji moyo mgumu. Hilo silipunguzi hata kidogo.

Lakini tuangalie walilalamikia nini. Walitaka ndege za kivita zitumiwe vizuri zaidi. Walitaka Me 262 zipewe marubani wa kivita badala ya kugeuzwa za kubeba mabomu, walitaka waliowazunguka wakubwa kwa ushauri mbovu waondolewe, na walitaka Adolf Galland, kamanda wao aliyefukuzwa, atendewe haki. Hakuna aliyeuliza kwa nini Ujerumani ilikuwa Urusi, wala watu walikuwa wanafanywa nini nyuma ya mstari wa mbele. Januari hiyohiyo jeshi la Kisovieti liliingia Auschwitz. Ugomvi wa marubani na Göring ulihusu namna ya kupigana vita, na vita vyenyewe waliendelea kuvipigana mpaka wiki za mwisho. Kwa hiyo anayeufanya mkutano ule kuwa upinzani dhidi ya Unazi anauongezea uzito usiokuwa nao.

Wapinzani husema basi tufunge jalada: mtu aliyetunukiwa nishani na Hitler hakupaswa kuvaa tena sare ya taifa, na dola mpya ilipaswa kuanza na watu wapya. Naielewa hasira hiyo, hasa ikitoka kwa Wapolandi au Warusi. Ila mwaka 1955, Ujerumani Magharibi ilipoanza kuunda jeshi, watu wapya wa kuongoza hawakuwapo. Nchi ilikuwa imekaa miaka kumi bila jeshi la anga. Hukumbukwa kwamba Kansela Konrad Adenauer, alipoulizwa kuhusu majenerali wa Hitler, alijibu kuwa NATO haitampokea jenerali wa miaka 18. Bunge liliunda kamati ya kuwapekua waliotaka vyeo vya kuanzia kanali, na baadhi walikataliwa. Mchujo huo ulikuwa na matundu, lakini ulikuwapo, na wote waliopita waliwekwa chini ya waziri wa kiraia na Bunge. Mtu wa aina hiyo sasa alipaswa kupimwa kwa jinsi anavyotumia madaraka yenye mipaka.

Hapo ndipo mwaka 1966 unapopata maana kwangu kuliko 1945. Starfighter iliundwa kupaa juu kwa kasi na kuzuia ndege za adui katika anga safi. Wajerumani waliigeuza: waliipa kazi ya kubeba mabomu, ya nyuklia pia, ikiruka chini kabisa katika mawingu na mvua za Ulaya. Marubani walizoezwa jangwani Arizona, kisha wakarudi kwenye ukungu. Mafundi wenye uzoefu walikuwa wachache, na ndege nyingi zililazwa nje kwenye unyevu. Steinhoff alilichukulia tatizo kama la mfumo mzima. Alisukuma matengenezo na mafunzo, na akataka kiti cha kumtoa rubani kwenye ndege kibadilishwe, maana kile cha awali hakikumwokoa vizuri aliye karibu na ardhi. Ndege zikafungwa viti vya Martin-Baker vya Uingereza. Yule aliyewahi kuungua ndani ya ndege alijua rubani anahitaji nini sekunde ile ya mwisho.

Ajali zilipungua, hazikukoma. Tarehe 10 Machi 1970, Steinhoff akiwa bado mkuu, rubani Joachim von Hassel alikufa ndani ya Starfighter. Baba yake, Kai-Uwe von Hassel, ndiye aliyekuwa waziri wa ulinzi Steinhoff alipoteuliwa. Huyo baba alizaliwa Gare, Usambara, wakati wa ukoloni wa Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hadi ndege hizo zilipostaafishwa, Ujerumani ilikuwa imepoteza karibu theluthi moja ya zaidi ya 900 ilizonunua, na marubani 116. Erich Hartmann, rubani mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika vita ile, aliionya Wizara kuhusu ndege hiyo na akaishia kustaafu mapema. Mkosoaji ana haki ya kuuliza kwa nini Steinhoff alikarabati mpango badala ya kuukataa. Jibu langu ni kwamba ndege zilikuwa zimeshanunuliwa, na kuzitupa lilikuwa jambo la wanasiasa. Yeye alibakiwa na kazi ya kupunguza misiba, na aliifanya kwa bidii. Kuanzia 1971 hadi 1974 aliongoza Kamati ya Kijeshi ya NATO. Alifariki 1994.

Mwaka 1997 kikosi cha ndege za kivita cha Laage, kaskazini mashariki mwa Ujerumani, kilipewa jina lake. Mwaka uliofuata Bunge lilitaka waliokuwa katika Legioni ya Condor, kikosi cha Wajerumani kilichopigana Hispania na kuupiga mabomu mji wa Guernica, wasienziwe tena jeshini, na mwaka 2005 jina la Werner Mölders, rubani aliyekuwa katika legioni hiyo, likafutwa kwenye kikosi kingine. Steinhoff hakuwa Hispania. Lakini hiyo ni sababu dhaifu ya kubakiza jina. Mölders alikufa 1941, hakuwahi kuitumikia jamhuri hata siku moja. Steinhoff aliitumikia karibu miaka ishirini. Mwongozo wa jeshi wa 2018 unasema jeshi la Hitler kama taasisi haliwezi kuwa chimbuko la fahari, ila mtu mmoja mmoja anaweza kufikiriwa kwa alichokifanya baadaye. Kwa kipimo hicho jina la Laage linasimama, ilimradi askari wapya waambiwe kwamba ni kwa ajili ya Starfighter na NATO, na kwamba zile ndege 176 hazimo katika hesabu hiyo.