Breki za Upepo, Kitufe cha Z na Bill Aliyesukuma Roketi

Kwenye Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kurusha roketi, kurudi sayari ya Kerbin kutoka Minmus, mwezi wake, ni kama kushuka mlima bila breki. Unaifikia angahewa ukiwa na kasi ya mita 3,200 hivi kwa sekunde, na kukaa kwenye mzunguko wa kilomita 80 kunataka 2,280 tu. Tofauti hiyo ama uilipe kwa mafuta, ama uiachie hewa iile. Mimi mafuta yalikuwa ya kunusa, kwa hiyo nikapanga breki za upepo. Usifikirie lori: hapa unaikwaruza tu angahewa kwa juu, raundi baada ya raundi, na kila raundi apoapsisi, ile ncha ya mbali ya mzunguko, inashuka.

Angahewa ya Kerbin inakoma kilomita 70. Raundi ya kwanza niliweka periapsisi, ile ncha ya karibu, kilomita 62, na hewa ya huko ni ya kuonjesha tu, apoapsisi haikushuka la maana. Halafu raundi moja ya kutoka kwa Minmus inakula siku 18 za Kerbin. Uvumilivu ukaniishia. Nikaamua kushuka hadi 50.

Marekebisho hayo unayafanya apoapsisi, kwa sababu huko chombo kinajikokota mita 45 hivi kwa sekunde, na badiliko la mita 1 tu linasogeza periapsisi karibu kilomita 30. Bei poa, na mtego uko hapo hapo. Nyuma yangu kulikuwa na injini ya Poodle, kilonewton 250, kwenye chombo kilichobaki tani 8. Ikifunguliwa yote, nusu sekunde inakupa mita 15 kwa sekunde. Mwenye akili angeibofya injini na kushusha kikomo cha msukumo mpaka asilimia 1 au 2, au angetumia RCS, vile vinjini vidogo vya kurekebishia. Mimi nikadonoa Shift, kitufe cha kuongeza msukumo, macho kwenye namba: 60, 56, 52. Sasa X, kuzima.

Kidole kikatua kwa jirani yake, Z, ambacho ni kukanyaga mafuta mpaka mwisho.

Nilipokipata X, periapsisi ilisoma hasi 318. Kerbin ina nusu kipenyo cha kilomita 600, kwa hiyo nilikuwa nimejipangia safari ya kupita zaidi ya nusu ya njia kuelekea kwenye kiini cha sayari. Na kwa kuwa nikishtuka mkono hukimbilia F5, nikaihifadhi balaa yenyewe. Kila nilipobonyeza F9 kurudi nyuma, nilirudishwa palepale, hasi 318, Jeb, mmoja wa wanaanga wangu watatu, anachekelea pembeni ya skrini.

Nikageuza chombo, nikachoma kila tone. Hasi 200, hasi 90, sifuri, 28. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Kilomita 28 kwa kasi ile ni tanuri. Ngao ya joto ilikuwepo, lakini imefunikwa na tangi na injini. Mtu mwingine angezitupa hizo, akashuka kwa ngao, yakaisha. Mimi nilitaka chombo kizima kifike kwenye kituo changu cha angani kikajazwe mafuta.

Nikamtoa Bill, mwenzake Jeb, nje, asukume.

Msicheke, hesabu inakubali. Mkoba wake wa kurukia unaweza kukipa chombo cha tani 8 mita kadhaa kwa sekunde, na mimi nilihitaji 0.8 tu. Unaiacha SAS, mtambo wa kutuliza chombo, ishikilie uelekeo wa mwendo, unampeleka Bill nyuma ya bomba la injini, anaweka kofia yake katikati, anasukuma taratibu. Akienda pembeni hata kidogo, chombo kinaanza kujipinda naye anateleza kama anayesukuma ng'ombe aliyelowa. Jaribio la nne likashika: 35, 44, 51. Bill akaingia ndani. Nikasimama kitini kujipigia makofi.

Paneli za sola zilikuwa bado wazi.

Kwa vyombo halisi hilo si kosa. Mars Global Surveyor ilipofika Mirihi mwaka 1997, paneli ndizo zilizokuwa breki zenyewe, na moja ilipoonekana haikujifunga sawasawa, ikabidi breki zilainishwe na kazi ikavutwa hadi 1999. Kwenye mchezo paneli zilizokunjuliwa hukatika tu. Zangu zilikatika zote nne, tak tak tak tak. Apoapsisi ikaporomoka kutoka kilomita 47,000 hadi 7,600, breki safi kabisa, lakini magurudumu ya kugeuzia yalimaliza betri yakipambana na chombo kilichotaka kupinduka. Bila umeme hakuna SAS, na bila SAS, Bill akisukuma, chombo kinazunguka kama pia. Kwa hiyo periapsisi haikupanda tena juu ya 70. Raundi tano baadaye tulikuwa tunashuka, kituo kikipita juu yetu na matangi yamejaa pomoni.

Nikaachanisha sehemu ya nyuma, maana hilo halihitaji umeme, ngao ikajitokeza na vipimo vyake 800 vya ablator, lile tabaka linaloungua badala ya chombo, miavuli ikafunguka, wote watatu wakatua baharini.

Kitufe cha Z nikakiondoa kazi kwenye mipangilio. Safari iliyofuata nilihesabu tatu, mbili, moja, nikabonyeza Z kwa mazoea, kisha kitufe cha nafasi, cha kurusha. Vishikio vikaachia roketi ya tani 140 ikiwa na msukumo sifuri. Iliinama polepole, kwa heshima, upande wa jengo la kuundia roketi.