Kuendesha intafesi za mtandao kwa skripti za bash: tuziamini mpaka wapi?

Ukienda kwenye ofisi yenye kaseva ka Linux kanakogawa intaneti, faiba ikiwa ndo laini kuu na pembeni kuna modemu ya 4G ya kuokoa jahazi, uwezekano ni mkubwa humo ndani kuna skripti ya bash (faili la amri zinazosomwa na bash, sheli ya Linux) inayohamisha trafiki toka laini moja kwenda nyingine, imekaa `/usr/local/bin` au `/root`, cron, kipanga ratiba cha Linux, inaiita kila dakika, haina hata mstari mmoja wa maelezo na aliyeiandika ashaacha kazi. Na inafanya kazi. Hapo ndo ugumu ulipo, maana wale wa "achaneni na bash, tumieni NetworkManager" (servisi ya Linux ya kusimamia laini za mtandao) huwa wanaongea kana kwamba hizi skripti zote ni uchafu wa watu wavivu.

Siyo uchafu. Angalia vitu tunavyovitegemea kila siku: ile dhclient ya ISC iliyotuombea IP (anwani ya mashine) kwa DHCP, mfumo wa kugawa anwani hizo, miaka na miaka, ikishapata anwani haiiweki yenyewe kwenye kadi ya mtandao (intafesi), inaita `dhclient-script`, ambayo ni skripti ya sheli. `wg-quick`, ile wengi wetu tunawashia VPN ya WireGuard, ni bash tupu. OpenWrt, mfumo wa Linux wa rauta ndogo, imejaa skripti za sheli, mpaka mwan3 ya kugawa trafiki kwenye laini kadhaa. Kwa hiyo hoja kwamba sheli haifai kugusa mtandao inakufa mapema kabisa. Tena ina faida ambayo hizi servisi kubwa hazina: unaisoma juu mpaka chini kwa dakika mbili ukajua itafanya nini, haihitaji kusakinisha kitu, na mashine ikiwa haina intaneti (ambayo ndo siku yenyewe unayoihitaji) hauna haja ya kupakua pakeji yoyote.

Shida ziko sehemu nyingine. Ya kwanza ni ndogo ila inaumiza, majina na maandishi. Watu waliandika `eth0`, jina la zamani la kadi, kwenye skripti zao, mwaka 2013 systemd (inayosimamia servisi za Linux) ikaleta majina ya `enp3s0`, na jina hilo linatokana na kadi ilipochomekwa, kwa hiyo ukiongeza kifaa kingine kwenye ubao mama inaweza kuamka asubuhi ikiwa `enp4s0`. Halafu kuna waliokuwa wanachuja majibu ya `ifconfig`, amri ya net-tools ya kuonyesha kadi, kwa awk (zana ya kukata maandishi) wakitafuta maneno `inet addr:`, toleo jipya la net-tools likaandika `inet` peke yake na skripti zikaanza kurudisha hewa. Hili sasa hivi lina dawa, `ip -j` inatoa JSON (data iliyopangwa kwa majina) unaisoma na zana ya jq, na jina la kadi unaweza kulifunga kwenye MAC, namba ya kadi yenyewe, sitalizungumzia sana.

Ya pili ndo nzito, nayo ni hii ya kuamua laini ipi inafanya kazi. Skripti ya kawaida inapiga ping (ujumbe mdogo wa kupima kama kuna jibu) kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, ikikosa jibu inabadili ruti kuu, yaani njia ya kutokea nje, iende 4G. Safi. Dakika inayofuata inapiga ping tena, jibu linakuja, inasema aah faiba imerudi, inarudisha ruti. Kumbe ile ping imepita 4G! Faiba bado imekufa. Dakika inayofuata inakosa tena, inahamia 4G, inarudi, inahama, ofisi nzima simu za WhatsApp zinakatika kila baada ya dakika moja na kila mtu anamlaumu mtoa huduma. Dawa ni kupiga ping kwa kutaja kadi, `ping -I`, lakini hapo nako lazima uhakikishe kadi ya faiba bado ina ruti yake yenye metriki kubwa (metriki ni namba ya kipaumbele, ndogo ndo inatangulia), ukiifuta kabisa ping haina pa kupita na hautarudi faiba milele, 4G itakula bando mpaka liishe na hakuna atakayejua mpaka siku limeisha. Ongeza hapo uamuzi wa ngapi zikikosekana ndo uhame na ngapi zikipatikana ndo urudi (kurudi kunatakiwa kuwe kugumu kuliko kuhama), na kufuli la `flock` ili cron isianzishe ya pili wakati ya kwanza bado inasubiri. Hata `ip route replace` inayosifiwa ina mtego wake, ukibadili metriki tu haifuti ile ruti ya zamani, inakuongezea nyingine pembeni. Mistari kumi imeshakuwa mia na ishirini, na umeandika upya, vibaya zaidi, kitu ambacho kipo.

Maana kipo. NetworkManager inazipa laini metriki yenyewe, waya 100, wifi 600, modemu 700, keneli, kiini cha Linux, inachagua ndogo. Ukiiwashia ukaguzi wa intaneti, laini iliyopo hewani ila haifiki nje inaongezewa 20000 kwenye metriki yake, kwa hiyo inashuka chini yenyewe bila kufutwa, na ikipona inapanda. Ndo kile kile tulichohangaika nacho hapo juu. Lakini wanaoisifia huwa hawasemi kwamba ukaguzi huo kwa kawaida unapita kila sekunde 300, dakika tano nzima mhasibu anapiga kelele, inabidi uingie kwenye konfigi upunguze. Na Ubuntu ya seva haiji na NetworkManager, inakuja na systemd-networkd, servisi nyingine ya mtandao, ambayo ukaguzi wa namna hiyo haina. Kwa hiyo kuna watu skripti kwao siyo uvivu.

Ya tatu ni kujifungia nje. Upo nyumbani, umeingia kwenye seva ya ofisi ukiwa mbali kwa SSH, skripti inashusha kadi ile ile uliyopitia halafu mstari wa kuipandisha unafeli. Basi, tafuta bodaboda uende ofisini. Wenzetu wa vifaa vya mtandao hili walishaliona: Juniper ina `commit confirmed`, usipothibitisha ndani ya dakika kumi inarudisha ya zamani, MikroTik ina Safe Mode, na netplan, zana ya Ubuntu ya kupanga mtandao, ina `netplan try` inayokupa sekunde 120. Bash haina hiyo bure. Unaweza kuitengeneza kwa `systemd-run --on-active=5min` iite skripti ya kurudisha hali, ila waliozoea kuiweka ni wachache sana. Na tusidhani zana kubwa zinamaliza tatizo, tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilizimika karibu saa sita kwa sababu ya amri moja wakati wa matengenezo iliyokata mtandao wao wa ndani, na programu ya ukaguzi iliyotakiwa kuizuia ilikuwa na kasoro ikaipitisha. Mainjinia wao nao ilibidi waende kwenye vituo vya data kwa miguu yao.

Pia kuna siku hakuna skripti wala servisi itakayokusaidia. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine, kadi zote zilikuwa juu na taa za kijani. Kama faiba yako na 4G yako zote zinatokea kwenye kebo hiyo hiyo, kuhamisha ruti ni kujichosha, na skripti yenye hasira inazidi kuharibu kwa kuhama-hama.

Kwa upande wangu naona kosa ni kuipa bash kazi ya kukumbuka. Kila cron inapoiita inaanza upya, haijui dakika iliyopita ilikuwaje labda iandike kwenye faili, na faili nalo linabaki na uongo mashine ikizimika ghafla umeme ukikatika. Hali ya mtandao iachiwe servisi, skripti iitwe tukio likitokea. NetworkManager ina `/etc/NetworkManager/dispatcher.d`, ukiweka skripti humo inapewa jina la kadi (tukio likiwa la kadi moja) na kilichotokea, `up`, `down`, au `connectivity-change`, inafanya kazi moja, mfano kumtumia fundi meseji kwamba tumehamia 4G au kubana spidi ya youtube ili bando lisiishe, inatoka. Iwe mali ya root na wengine wasiweze kuiandika, la sivyo inarukwa.

Kwenye mashine yenye networkd, au Raspberry Pi yenye kadi mbili na kazi moja, mi ningeandika bash bila aibu, ila iwe na `-I`, `flock`, kipima muda cha kurudisha hali, na logi inayosema imehama saa ngapi na kwa nini, ili atakayekuja baada yako asianze kwa kuichungulia usiku wa manane wakati wateja wako hewani.