Kujitafuta kwa kwenda ziwani

Mtaani Mwanza, kijana akisema "bado najitafuta" anazungumzia hela. Anapanga mitumba Mlango Mmoja au anaendesha bodaboda Buzuruga, na anaisubiri siku watu watakaposema amejipata. Lakini siku hizi kuna wengine wanaolitumia neno hilohilo kwa safari ya kinyume. Hao wana kazi nzuri na umri wa miaka arobaini hivi, na wamechoka. Wanatafuta kiwanja Luchelele, Kayenze au Ukerewe, walime mchicha wao, wazime simu, wajue wao ni nani hasa. Kwenye meli ya Nansio hawa wawili wanapishana, kila mmoja akienda kujitafuta kule alikotoka mwenzake.

Siwezi kuwabeza hawa wa pili, kwa sababu mwaka juzi nilikaa wiki tano kwa mama mdogo wangu, Kayenze. Mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri. Mama mdogo ananunua kwa ndoo, anawamwaga mchangani, anawatandaza kwa viganja hadi wabaki safu moja nyembamba, kisha anakaa. Kukaa huko ndiko kazi yenyewe. Anaangalia kunguru, anaangalia wingu, na jua likipanda anawageuza. Mvua ikimkuta hajawaanua, mtaji umeoza. Siku za mwanzo nilisaidia huku mguu ukinichezacheza, nikitaka tumalize twende kwingine, na kwingine hakupo. Mjini hasira zangu nilikuwa nazisingizia foleni ya Igoma na wakubwa wa kazini. Kayenze hakuna foleni wala mkubwa, na hasira zilikuwepo vilevile. Hapo nilijua ni zangu.

Nadhani hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa maisha ya kawaida karibu na maji na miti. Watu husifu hewa na utulivu, na ni kweli vinatibu uchovu, ila hata likizo ya siku tatu inatibu uchovu. Maisha yenye vitu vichache yanafanya zaidi ya hapo: yanakuondolea visingizio, mtu akabaki na tabia yake mbele ya macho yake.

Tatizo ni kwamba tunaposema "asili" mara nyingi tunasema tusichokijua. Sangara tunayemwona kama mwenyeji wa ziwa hili aliletwa miaka ya 1950, akawala furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa, hadi aina nyingi zikatoweka. Magugu maji nayo ni mageni, yalianza kulisumbua ziwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Na yule anayetaka kufungua mlango akanyage maji ajue kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Ukuta ukijengwa pale, akina mama wanaoanika dagaa wanakosa njia ya kufika mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Kuna jambo la mbalamwezi pia. Usiku mmoja mwezi ulikuwa mpevu, ziwa limetulia, nikakaa juu ya jiwe nikihisi nimepata nilichokifuata. Nyuma yangu nyumba nzima ilikuwa kimya kwa sababu nyingine. Dagaa huvutwa kwa taa, na taa haina nguvu mwezi ukiwaka, kwa hiyo wavuvi walikuwa wamelala na hela hakuna. Mimi niliomba mwezi ukae, wao walikuwa wanaomba giza.

Sisemi hivyo ili kumfanya mtu aone aibu kwa kufurahia mwezi. Nasema kwamba maisha yaleyale ni mapumziko kwa anayeweza kuondoka, na ni hali ya maisha kwa asiyeweza. Mgeni ana bima na akiba. Mtoto wa pale anaoga ziwani na kupata kichocho, kwa kuwa vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozini. Na tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, waliofariki, zaidi ya 220, wengi walikuwa wanarudi kutoka gulioni Bugolora. Kisiwa kinachompa mgeni ukimya ndicho kinachomlazimu mwenyeji kuvuka maji kutafuta riziki.

Je, basi tuache? Hapana. Nikifikiria mtu aliyeishi kwa uchache bila kujificha, namkumbuka Mwalimu Nyerere. Alipong'atuka urais 1985 alirudi Butiama, akalima, lakini mlango wake ulibaki wazi, na tangu 1996 hadi alipofariki 1999 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Shamba halikumtenga na watu. Wengi wa wanaohamia ziwani leo wanataka shamba lenye geti, na hapo ndipo ninapoachana nao. Nilichokijua kuhusu nafsi yangu Kayenze sikukijua peke yangu juu ya lile jiwe. Nilikijua mama mdogo aliponiangalia nikiwageuza dagaa kwa pupa, akasema, "Mwanangu, hawa hawakimbii. Wewe unakimbia nini?" Swali hilo halitoki kwenye ukimya. Linatoka kwa mtu anayekujua na anayekutegemea kabla mvua haijanyesha.

Kiwanja bado nakitaka. Mtoto wa mama mdogo, ambaye ni mdogo wangu kabisa, anataka kuuza kipande chake pale ili apate mtaji wa duka Buhongwa. Alinipigia juzi kuniuliza kama nitanunua. Nilimwambia anipe muda, niongee na mama yake kwanza kuhusu mahali atakapoanika dagaa wake.