Mama, Bwana Shuka na Majani ya Maboga

Huku Minnesota kiangazi ni kifupi mpaka kinatia hasira. Theluji inakaa miezi na miezi, watu mnaanza kugombana ndani ya nyumba kwa sababu ya rimoti, halafu mwisho wa Mei, baridi ya kuua miche ikishapita, ghafla mtaa mzima uko nje na makoleo na mifuko ya mbolea, kila mtu mkulima, na wanalima kwa fujo maana wanajua Oktoba barafu inarudi kumaliza kila kitu. Na Juni jua linazama saa tatu usiku. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga hicho ndo kitu cha kwanza kilimshinda, anakaa kibarazani kashatawadha anasubiri magharibi, anaangalia angani, anaangalia saa ya ukutani, mwisho akaniuliza, "Baba, hili jua la huku halina kwao?"

Sasa mama yangu na jembe ni ugonjwa. Hawezi kuona udongo ukakaa hivi hivi. Mke wangu alikuwa kapanda maua mbele ya nyumba, zinia, marigodi na kosmosi, tangu Aprili miche iko dirishani anaisemesha kabla ya kutusemesha sisi. Basi asubuhi moja mama kaamka alfajiri kaona bustani ya mkwe wake ina magugu, akaamua kumsaidia. Akang'oa kosmosi zote (si unajua zikiwa changa zina vijani vyembamba vyembamba, hata mimi ningesema gugu), akaacha mchicha pori uliojiotea katikati, ule ule ambao wenyeji wa huku wananunua dawa kuuua, akaupandishia tuta na kuumwagilia. Mke wangu karudi kazini kakuta mchicha umesimama mstari. Akasema "asante mama, umechoka", akaingia bafuni akafungua bomba, akakaa huko muda. Usiku tulikula huo mchicha, na ulikuwa mtamu kwelikweli, ila sikuthubutu kulisema hilo mbele ya mke wangu.

Hiyo ilikuwa rasharasha tu.

Sisi tunakaa Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, na huku uani watu wengi hawaweki uzio, nyasi zako zinaishia zinapoanzia za jirani na hakuna anayegombana. Jirani yangu ni mzee mstaafu, mpole, anaishi peke yake, na ana boga. Narudia, boga, moja. Kapanda ile mbegu ya Atlantic Giant, mbegu aliyoihangaikia Howard Dill kule Nova Scotia, Kanada, na shina zima limetanda uani kwake lakini anaachia tunda moja tu, mengine yote anayatoa yakiwa madogo ili chakula chote kiende kwa huyo mmoja. Agosti boga la namna hiyo linaongezeka hata kilo 15 kwa siku, yaani ukilala ukiamka limekuzidi. Mchana analifunika shuka nyeupe, maana jua likikausha ngozi yake inakuwa ngumu halafu linapasuka likiendelea kukua. Jioni anafunua, anazungusha futi kamba, anaandika kwenye daftari, anafunika tena.

Mama hakuwa na taarifa zozote kati ya hizo. Yeye alichungulia dirishani ghorofani jioni moja akaona mzee kapiga magoti mbele ya kitu cha mviringo kilichofunikwa shuka nyeupe, anakipapasa na kuongea nacho. Akashuka ngazi taratibu, akanishika mkono. "Baba, huyu jirani yako kuna mtu kamzika nusu."

Nikamweleza ni boga. Hakuniamini, ila tangu siku hiyo mzee akawa Bwana Shuka.

Wakawa marafiki hivyo hivyo bila lugha. Kuna msimu huku zukini, vile viboga virefu vya kijani kama matango, zinazaa mpaka watu wanatiana hofu, kuna utani kwamba Agosti ufunge milango ya gari la sivyo utakuta jirani kakujazia zukini kwenye siti. Bwana Shuka akawa anatuletea kila siku, mama akidhani ni matango yenye maradhi. Siku moja akasimama pale mpakani, akazungusha mkono bustani yake yote, maharage, nyanya, kila kitu, akasema chukueni tu mnachotaka, msione haya. Nikatafsiri. Naomba muukumbuke huo mkono ulivyozunguka, maana utetezi wote wa mama uliegemea hapo.

Jumamosi nikampeleka mama soko la wakulima la St. Paul. Pale wauzaji wengi ni Wahmong, watu waliokuja Minnesota wakimbizi kutoka Laos baada ya vita miaka ya 1970, na ni wakulima hasa, wana mboga ambazo supamaketi huzioni. Mama katembea akasimama ghafla. Ncha za maboga! Zimefungwa vifungu safi, na vikonyo vyake vya kujisokota. Aliwashika mikono wale kina mama wa Kihmong wakacheka pamoja mimi nimesimama pembeni na kikapu. Kisha akauliza bei. Dola tatu kifungu kimoja. Mama akanyamaza, anapiga hesabu ya shilingi, namwona midomo inacheza. "Elfu nane? Majani ya maboga? Yale yanayoota jalalani kwa mama mdogo wako?" Akakirudisha kifungu mahali pake kwa heshima zote. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, anaangalia nje tu. Mimi nikadhani kachoka.

Nafanya kazi shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo mchana nalala. Jumatatu nikaamka alasiri, nyumba nzima inanukia karanga na nazi. Nakuta jikoni mama kakaa kwenye kigoda anamalizia fungu la mwisho, anavunja kikonyo, anavuta ule uzi mpaka unashuka na ngozi nyembamba ya nyuma ya jani, anasugua jani viganjani kuondoa vinyweleo, anakata. Pembeni kuna rundo la nyuzi la kutosha kushonea gunia. Jani moja halijakatwa bado lipo mezani, lina upana wa sinia. Nikasema moyoni duh, Wahmong hawa wana majani makubwa, mke wangu kampeleka tena sokoni. Nikapakua ugali nikala, nikaongeza, sikuuliza swali.

Na kwa kuwa mama ni mtu wa Tanga na haiwezekani chungu kinukie jirani asionje, alishamtuma binti yangu wa miaka saba na bakuli kwa Bwana Shuka.

Jioni mlango ukagongwa. Bwana Shuka, kaosha bakuli, kaweka ndani vipande vya mkate wa zukini, mama akafurahi mno kuona hata Wazungu wanajua chombo hakirudi kitupu. Mzee anasifia chakula mpaka anafumba macho, anasema hajala mboga ya majani ya namna hiyo maishani mwake, ni majani gani haya? Binti yangu akawahi, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, akasema bibi amesema ni majani ya maboga. Mzee akashangaa, hajui kama yanaliwa, aisee, na mnanunua wapi?

Mtoto akanyoosha kidole dirishani. "Kwako."

Sasa mnapaswa kuwaelewa watu wa Minnesota. Hawakasiriki mdomoni. Mzee akatabasamu. Akasema, "Aa." Akasema, "Sawa." Akasema "Aa" tena, akaweka mkate wake mezani polepole, akatoka. Hakukimbia, ila mguu ulikuwa unafika chini kabla hajaamua. Sisi nyuma, mimi na kandambili, mama na kanga yake na mwiko.

Tulipofika kapiga magoti anahesabu vikonyo. Mama alikuwa kachuma kwa ufundi, hakuna tawi alilopasua, kila ncha imekatwa pale pale inapostahili, na majani ya jirani na ncha kayapunguza sawasawa kulia na kushoto. Alivyoona mzee anakagua, akajua anasifiwa. "Mwambie sijaharibu. Mwambie nimechuma kwa mpango, wiki ijayo yatachipua mara mbili."

Nikamwambia mzee, "Mama anasema pole sana."

"Mwambie na hayo mengine akiyaacha yatakomaa yatakuwa machungu."

"Anasema yuko radhi kulipa."

Mama akanitazama. Kiingereza hajui ila neno "pay" analijua vizuri sana. "Nani analipa? Si alizungusha mkono? Huyu si alizungusha mkono hapa hapa?" Akauzungusha na yeye, na mwiko, ili mzee akumbuke.

Mzee akaanza kucheka kidogo kidogo, kicheko cha mtu aliyefiwa. Akanieleza kwamba zile ncha hata yeye alipanga kuzikata wikiendi, ukifika wakati huu shina huwa linasimamishwa ili lisihangaike kurefuka, lakini majani, majani ndo yanayolilisha boga na bibi kayapitia vizuri. Halafu akafunua shuka, nadhani alitaka tu mama aone tunaongelea nini. Boga la rangi ya chungwa, limejilaza ubavu, watu wawili wanakaa juu yake wakapiga soga. Mama alisema "Astaghfirullah" mara kadhaa, akalizunguka lote, akaligonga na mwiko, akauliza litapikwa lini.

Nikamwambia hawapiki, wanakwenda kulipima kilo tu, ni mashindano.

"Halafu?"

Halafu basi.

Hapo ndo nilishuhudia mama yangu akimwonea huruma mtu kwa dhati. Alimshika mzee bega akatikisa kichwa, wakabaki wamesimama hivyo, kila mmoja anamsikitikia mwenzake.

Kesho yake nimerudi kazini asubuhi nakuta mafundi wanasimika uzio wa waya kuzunguka shamba la boga. Mzee akanipungia, anatabasamu, anasema ni kwa ajili ya sungura. Uzio unanifika kifuani. Sijui sungura gani wa kimo hicho, lakini nikasema ndiyo, sungura wamezidi mwaka huu. Nilipomweleza mama akaunga mkono kabisa, akasema wanyama wa huku hawana adabu.

Ila utamu wa karanga ulikuwa umeshamwingia mzee. Kila baada ya siku kadhaa anapunguza matawi ya pembeni, anampitishia mama furushi juu ya uzio, na jioni bakuli linakwenda. Mama hakuridhika, anasema Bwana Shuka anachuma makongwe yaliyoshaota miiba na hajui kutofautisha ncha na kamba ya kufungia mbuzi.

Oktoba akatualika Stillwater, mji mdogo kwenye mto St. Croix wanakofanya mashindano. Njiani anatuhadithia historia, hasa mwaka 2010 ambapo Chris Stevens alitoka Wisconsin akaja hapo hapo Stillwater akavunja rekodi ya dunia kwa boga la kilo 821, na ukimsikiliza mzee unajua kilichouma ni Wisconsin. Alipofika kwa Travis Gienger wa Anoka, jirani zetu kabisa, aliyepeleka boga California mwaka 2023 likafika kilo 1,247, sauti ikarudi juu. Mama kila nikimtafsiria kilo anauliza, "Na hilo nalo hawakulila?"

La mzee wetu likapandishwa mizani kwa mashine. Kilo mia nne na kitu. Sio baya, ila pembeni yake yalikuwepo mengine yanalifanya lionekane limechumwa bichi. Mkulima mmoja mwenzake akamuuliza mwaka huu imekuwaje, mbona Julai lilikuwa linakwenda vizuri. Bwana Shuka akasema, "Sungura." Akamwangalia mama. Mama akampungia mkono.

Kesho yake tukarudi kuona watu wanaingia mtoni ndani ya maboga. Yaani wanachukua yale makubwa, wanayakata juu, wanakomba ndani, wanakaa humo na makasia na kushindana, wengine wamevaa kofia za ajabu, boga linazunguka haliendi mbele, watu kandokando wanapiga kelele. Mama alikaa kimya mpaka mwisho. Kisha akatoa simu akampigia mama mdogo Tanga, kwa vidio.

"Sikiliza, watu wa huku wanapanda boga, wanalifunika shuka, wanalipima na futi kamba kila siku, miezi mitatu, hawalili. Wanalipakia na winchi wanalipeleka kwenye mizani, hawalili. Halafu wanaingia ndani wanapiga kasia."

Mama mdogo kasogeza uso kwenye simu, anamwangalia dada yake vizuri, kushoto na kulia.

"Dada," akasema, "dawa zako za presha umemeza leo?"